Kijiji cha mlango mmoja: maigizo shirikishi katika mwambao wa Tanganyika

Mtu akisikia "kijiji kilichojitenga" hufikiria habari kwanza: kwamba watu wa huko hawajasikia, hawajaelimishwa, wanasubiri kikundi cha sanaa kishuke na ujumbe. Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, kuanzia Mwamgongo, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, hadi Katumbi, Sibwesa na Kalya kando ya milima ya Mahale, dhana hiyo haimalizi hata siku moja. Redio zipo. Simu zipo, na kila mtoto anajua ni wapi pa kusimama ili mtandao ushike. Kinachokosekana ni mlango wa pili. Kwa wengi wa huko, safari ya kwenda mjini ni safari ya majini, na majini hupiti ila kwa chombo cha mtu.

Meli ya Liemba, iliyoshushwa majini mwaka 1915, kwa miongo mingi ilisimama katikati ya ziwa mbele ya vijiji hivi huku mitumbwi ikiikimbilia kupakia na kushusha abiria. Isipokuwapo, kinachobaki ni boti za mbao zenye injini, na kila boti ina mwenyewe. Mwenye boti mara nyingi ndiye mwenye nyavu, ndiye anayekopesha petroli, ndiye anayenunua dagaa. Mtoto akishikwa na degedege usiku wa manane, mlango unaogongwa ni wake.

Mwongozaji wa maigizo shirikishi, yaani yale ambayo wanakijiji wenyewe huyatunga na kuingia kuyacheza, akienda kufanya kazi huko aanze na jambo hili, kwa sababu linageuza karibu kila kitu alichofundishwa. Igizo linalomfichua mkosaji linafaa mjini. Mpangaji aliyesema hadharani dhidi ya mwenye nyumba wake pale Mwanga, Kigoma mjini, anaweza kuhamia kata nyingine, Gungu, wiki hiyohiyo. Mwanamke wa mwambao aliyesema hadharani dhidi ya tajiri wa mtumbwi atakutana naye kesho alfajiri kwenye mwalo uleule, akiwa ameshika beseni lilelile. Kikundi kitakuwa kimeshaondoka.

Nchi hii haikosi historia ya kazi hizi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera za Mathias Mnyampala zilienea shuleni na vijijini, zikibeba siasa ya ujamaa kwa majibizano ya mashairi. Zilikuwa na uzuri wake, lakini jibu lilikuwa limeandikwa kabla ya swali. Mwaka 1982 hadi 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, wilayani Kwimba, bila igizo mkononi. Walikaa, wakasikiliza, wakarudi tena na tena, na wanakijiji wenyewe wakachagua cha kuzungumza, kikiwamo kisa cha wasichana kupata mimba na vijana kukosa shughuli. Kule Peru mwaka 1973, Mbrazili Augusto Boal alianza kumruhusu mtazamaji asimamishe igizo, aingie kwenye duara na kujaribu njia yake mwenyewe. Na Kamiriithu, Kenya, mwaka 1977, wanakijiji walifanya mazoezi hadharani, wapita njia wakisahihisha lugha na mienendo ya waigizaji, mpaka serikali ikafuta kibali.

Urithi huo tunautaja kwenye semina, lakini tukifika kijijini tunarudi kwenye ngonjera. Mfadhili anatoa "ujumbe mkuu", kikundi kinaandika igizo la dakika 40, kinashuka asubuhi na spika, kinaigiza, kinauliza "mmejifunza nini?", kinahesabu vichwa na kupanda boti. Fomu inajazwa idadi ya waliofikiwa. Nasema wazi kwamba kazi ya namna hiyo ingekuwa tangazo la redio ingegharimu kidogo na isingemsumbua mtu.

Ukitaka kufanya kazi yenyewe, kalenda ya kufuata ni ya mwezi wa angani. Uvuvi wa dagaa na migebuka ni kazi ya gizani: taa huwashwa juu ya maji, samaki huifuata, wavu huinuliwa. Mbalamwezi ikikolea, ziwa zima linang'aa na taa haivuti kitu. Kwa hiyo siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu mitumbwi hukaa ufukweni, wavuvi wakishona nyavu na kutengeneza injini. Kikundi kinachofika wakati wa giza kinakuta wanaume wanalala mchana na kuondoka jioni, na wanawake wamekuwa macho tangu mitumbwi iliporudi alfajiri. Wameshapokea, wameanika kwenye mchanga au vichanjani, wanageuza, wanatazama mawingu, maana mvua moja huozesha mtaji wa wiki. Hao hawawezi kukaa kwenye duara lako saa tatu. Wakikaa, wamekaa kwa adabu tu.

Hesabu nzuri ni hii: fika mwezi ukiwa na siku 9 au 10, onyesha siku ya 13 au 14, ondoka siku ya 16. Ukichelewa siku tatu baada ya mwezi mpevu umeharibu usiku, kwa sababu mwezi huchomoza kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, na mashariki mwa vijiji hivi kuna milima inayouficha kwa muda zaidi. Wageni wa Dar es Salaam hukosea jingine dogo hapo. Kigoma ni magharibi mwa nchi na jua huzama karibu saa moja jioni. Ratiba iliyoandikwa Dar ikisema "saa kumi na mbili na nusu, giza likiingia" inakuta jua bado linawaka juu ya milima ya Kongo.

Na hilo jua ni tatizo la pili. Alasiri upepo kwa kawaida hutoka ziwani kuja nchi kavu, hivyo mwigizaji anayelipa ziwa mgongo anabebewa sauti hadi kwa watazamaji. Lakini watazamaji hao wanatazama magharibi, jua liko machoni, na waigizaji wamekuwa vivuli vyeusi. Ukiwageuza, nyuso zinaonekana ila sauti inarudishwa kooni. Kwa onyesho la alasiri tafuta mahali penye safu ya michikichi au miembe upande wa ziwa, kivuli kianguke juu ya watu. Usiku upepo hugeuka na kushuka kutoka milimani, basi waigizaji wahamie upande wa mlima. Mwezi utakuwa nyuma yao, kwa hiyo nyuso zinahitaji taa. Taa zipo: zile za kuvulia, karabai au za sola, usiku wa mbalamwezi hazina kazi. Mbili zinatosha, zitundikwe kwenye miti urefu wa kifua, hatua tatu pembeni mwa duara, mbele kidogo ya waigizaji. Zisikae nyuma ya watazamaji, maana vivuli vyao vitafunika mchezo, wala zisikae karibu na mdomo wa mwigizaji, maana wadudu wa ziwani watamnyamazisha kabla ya tajiri yeyote.

Spika ziachwe mjini. Duara la hatua nane, watoto kwenye mikeka mbele, wazee kwenye mabenchi, wengine wamekaa juu ya madumu, wengine wamesimama, linabeba watu 300 kwa sauti ya kawaida iliyofundishwa. Jenereta likianza kunguruma, mwigizaji anashika maiki, miguu inaganda mahali pamoja, na igizo limegeuka hotuba.

Sasa igizo lenyewe. Chukua kisa cha mfano, cha kipimo. Kwenye duara kuna mabeseni mawili ya plastiki. Moja ni la kawaida. La pili liliwahi kukaa karibu na moto, kitako kikapanda ndani. Kwa juu yanafanana. Tajiri anauza dagaa wabichi kwa lile la pili. Mahali pa dagaa tunatumia mchanga mkavu uliopo miguuni. Anajaza, anapitisha kiganja juu kusawazisha, anapokea pesa. Mama anajitwika, anazunguka duara mara moja, anafika "kwake", anamwaga mchanga wote kwenye beseni la kawaida. Anasawazisha naye kwa kiganja. Kisha anateremsha vidole kutoka ukingoni mpaka vinapogusa mchanga: kimoja, viwili, vitatu. Anavitazama vidole vyake. Basi.

Dakika mbili, bila neno. Kosa la kikundi cha mjini ni kuongeza hapo mdomo: "Ewe jamii, tazama jinsi tunavyonyonywa!" Neno hilo likitamkwa, kila mtazamaji anapewa ruhusa ya kuacha kufikiri. Viache vidole vitatu vifanye kazi. Kila mwanamke aliyewahi kuanika dagaa ameshapiga hesabu ya vidole vitatu mara beseni mia.

Mchezo unarudiwa, na safari hii yeyote anaweza kupiga kofi, kusimamisha, na kuchukua nafasi ya mama. Wa kwanza karibu kila mara ni kijana wa kiume, na dawa yake ni "ningemwambia tu ukweli". Hapa ndipo kazi nyingi hufa. Waigizaji wanataka kumpendeza, tajiri wa jukwaani anainamisha kichwa, anaomba msamaha, watu wanapiga makofi, na kila mtu pale anajua kwamba huo ni uongo. Sababu ni moja: kikundi kimempa mwigizaji wake bora nafasi ya mama, na tajiri kimempa anayeweza kufoka. Inatakiwa iwe kinyume. Tajiri achezwe na mwigizaji hodari kuliko wote, na asifoke kabisa. Ajibu kwa upole wa mtu mwenye nguvu: "Hamna shida, Mama Zuhura. Nunua kwa mwingine. Na ile boti ya Alhamisi kwenda mjini, Kibirizi, utapanda ya mwingine pia?"

Hapo uwanja unanyamaza, na huo ukimya ndio mwanzo wa mjadala. Mwezeshaji asiuharakishe. Maswali yake yawe mafupi na ya kesho: Alfajiri anaamkaje? Nani yumo kwenye kisa hiki na bado hajasema? Mvuvi aliyepo chomboni anaona beseni lile kila siku, mbona hayumo? Watu wanne au watano wakiingia panatosha. Baada ya hapo, kama dakika 40 hivi, wanaanza kushindana kuchekesha. Mawazo yenye uzito huja wakati jibu linaacha kuwa la mtu mmoja. Wanawake kumi kukataa asubuhi moja. Beseni la kijiji lenye alama ya rangi, linalotunzwa kwa mtendaji au kwa BMU (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi mwaloni), ambalo kila anayeuza mwaloni hupimia. Kila wazo lipitishwe kwenye swali la boti: likishindwa kulijibu, lirudi likapikwe upya.

Mchekeshaji ni mtihani wa peke yake. Vikundi vyetu vina mlevi wa kudumu, suruali imeshonwa viraka, na watu wanampenda kwa haki. Lakini akiachwa atakula igizo lote, na asubuhi kijiji kitakumbuka alivyoanguka. Asiondolewe, apewe kazi. Yeye peke yake anaweza kuuliza, kwa kinga ya utani, swali ambalo mwingine angeulizwa "nani kakutuma?" Mlevi ndiye anayeweza kulivaa beseni kichwani na kushangaa kwa nini halimwenei.

Lugha nayo. Mwambao huu una Waha, Wabembe, Watongwe, Wamanyema, na wenye nduguze Burundi na Kongo. Kiswahili cha kitabuni kilichokaririwa mjini kinasikika kama cha mkutano wa hadhara. Waache wanakijiji watunge kwa maneno yao, na ugomvi wa nyumbani uchezwe kwa lugha ya nyumbani hata kama mwongozaji haelewi kitu. Atazame mikono.

Nirudi kwenye hatari, kwa sababu ndiyo inayonishughulisha kuliko yote. Kuna kanuni chache ambazo mwongozaji asizivunje hata akibembelezwa. Mwenye kisa asicheze kisa chake. Kila kisa kinachopanda jukwaani kiwe kimechanganywa kutoka kwa wasimuliaji watatu au zaidi, na cha aibu ya ndani, kama kipigo au kuombwa mwili, kihamishiwe kwenye kazi nyingine kabisa: kitoke kwenye dagaa kiende kwenye mawese. Siku moja kabla ya onyesho, waliotoa visa waoneshwe igizo peke yao, mlango ukiwa umefungwa, na wawe na haki ya kufuta onyesho lolote bila kueleza sababu. Siyo kupendekeza, kufuta. Picha za simu zikatazwe wakati wa majadiliano. Kipande cha sekunde 30 cha mama akimjibu tajiri kitafika kwa tajiri huyo kabla karabai hazijazimwa, kikiwa kimekatwa pale kinapouma.

Kuna swali lingine ambalo halimo kwenye miongozo mingi: ninyi mlikuja kwa boti ya nani? Kijiji kizima kiliona mlivyoshuka. Kama mlibebwa na tajiri mkubwa kwa punguzo, mkala kwake, mkahifadhi ngoma stoo kwake, hakuna mwanamke atakayewaambia habari ya beseni. Njooni kwa boti ya abiria kama watu wengine, au gaweni nauli kwa wenye vyombo wawili, kwenda na kurudi. Na wenye vyombo wasifanywe maadui wa kuviziwa. Waambiwe mapema kwamba kutakuwa na mazungumzo juu ya vipimo, waalikwe, wakae mikekani na wengine. Wapo wenye kipimo halali wanaoumizwa na mwenzao mwenye beseni lililopanda, na hao ni washirika ambao kikundi chenye hasira hakitawaona.

Taratibu za kiserikali zifuatwe bila njia za mkato: barua kupitia afisa utamaduni wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti. Viongozi wa dini wasalimiwe. Ila meza kuu isiwekwe. Kitambaa cheupe na chupa za maji zikiwa mbele ya duara, watazamaji wanaitazama meza kwanza kabla ya kucheka. Mwenyekiti apewe dakika tano mwishoni, baada ya kusikia.

Kuhusu fedha, posho ya kuhudhuria inaharibu. Ikitangazwa tu, orodha ya wanakijiji 25 watakaoshiriki kutunga igizo inageuka kuwa orodha ya ukoo wa walio karibu na ofisi. Chakula kwa wote hakina mgogoro: watu 25, mlo mmoja kwa siku, ni kilo 8 hadi 10 za unga wa muhogo, maharage au migebuka, na mafuta ya mawese ya palepale. Wapishi walipwe kama kazi yoyote. Washiriki wagawanywe kwanza wanawake peke yao, wanaume peke yao na vijana peke yao, wanane au tisa kila kundi, kabla ya kuchanganywa siku ya tatu. Ukiwachanganya siku ya kwanza utasikia sauti za wanaume watatu na mwalimu mmoja.

Mambo ya serikali pia yanahitaji uangalifu huu. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Sababu ina mantiki na wavuvi wengi wanaijua kuliko sisi, maana wao ndio walioona nyavu zikirudi nyepesi. Kikundi cha kukodiwa kingeigiza mvuvi mkaidi anayekamatwa, mwisho anatubu. Kikundi kinachosikiliza kingekaa na mwanikaji dagaa ambaye hana nyavu wala chombo na hivyo hayumo kwenye hesabu ya mvuvi, na kuuliza mwezi wa tatu wa kufungwa ziwa anapika nini, na deni la mtaji analisogezaje. Igizo la namna hiyo lingeisaidia hata mamlaka inayofunga ziwa, kwa kuwa lingeionyesha mahali ambapo amri inavuja.

Kazi nzima inataka mbalamwezi tatu. Ya kwanza hakuna igizo: ni michezo, ngoma, matembezi, kusikiliza, na kumwambia kila mtu wazi kwamba hamjaleta kitu. Ya pili ni kutunga na kuonyesha. Ya tatu, kama siku 29 au 30 baadaye, ni kurudi. Wafadhili huikata hiyo ya tatu kwa kuwa haina onyesho la kupiga picha. Fedha zikiwa pungufu, mwongozaji apunguze watu kutoka saba hadi wanne, apunguze mavazi, aache mabango na fulana, lakini safari hiyo aitetee hadi mwisho. Aondoke Kibirizi mapema kabla upepo haujainuka, hasa miezi ya Juni hadi Agosti ambapo wa kusini huchafua ziwa mchana, na maboya ya kuvaa yawe ya kila mtu, pamoja na mpiga ngoma anayedai anajua kuogelea.

Akifika asikusanye watu. Ashuke mwaloni, asalimie, amuulize Mama Zuhura yeyote atakayemkuta anaanua dagaa zake: lile beseni la alama ya rangi liko wapi? Kama liko kwa mtendaji limejaa vumbi, kama liko mwaloni limelowa, kama limevunjwa na anajulikana aliyelivunja, kila jibu ni igizo la mwezi huo. Na kama mama akiinama kuendelea na dagaa zake bila kujibu, mwongozaji aweke mkoba chini, amsaidie kuanua, na asiulize tena siku hiyo.